Watu wa Pampasi Hawarudishi Mali

Tulipomzika Bi. Madeje kule Chamwino mwezi uliopita, binti yake Neema hakuniomba nishike jeneza wala nikae na wazee wa kanisa. Aliniita pembeni kwenye korido, macho yamemvimba kwa kulia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka Swalehe, nisaidie. Chumbani kwa mama kuna yale mapakiti yake. Yapitishe mlango wa nyuma, uyafunike na hii khanga, watu wasiyaone." Nilimwelewa. Nje kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, wanakwaya ndani ya majoho, na wakubwa wawili watatu kutoka ofisi za wilaya waliokuja kumpa Neema pole ya kikazi. Mfiwa ana haki ya kuogopa macho ya watu. Lakini nilipoingia chumbani mle, nikaona pakiti za pampasi za watu wazima zimepangwa ukutani kwa unadhifu ule ule aliopangia sahani zake, nilishindwa. Khanga nikaiacha kitandani. Nikazibeba pakiti mikononi, moja juu ya nyingine hadi zikanifika kidevuni, nikatokea mlango wa mbele na kupita katikati ya wanaume waliokaa. Mzee mmoja akauliza, "Bwana, umebeba nini hivyo?" Nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Pampasi za marehemu, mzee. Nakwenda nazo nyumbani. Nitazivaa mimi."

Vichwa viligeuka, kisha mazungumzo yakarudi taratibu, kama watu wanaorudi barabarani baada ya gari kupita. Neema alinuna siku nzima, tumekwishapatana. Kilichoniuma zaidi ni wasifu uliosomwa kaburini. Ulisema marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Bi. Madeje hakuugua kwa muda mrefu. Aliugua wiki mbili za mwisho tu. Miaka mingine yote alivuja, akaimba, akapika, akagombana na watu, akavuja tena. Aliyeandika wasifu ule alitaka kumsitiri, na katika kumsitiri akamfuta. Ndiyo maana nauandika mwaka ule mmoja niliokaa kwake Nkuhungu, mwaka ulionifanya niwe mtu wa kupita mlango wa mbele. Ukoo wangu hauhusiki hapa. Inatosha kujua kwamba mimi ni Mrangi wa Busi, na kwamba Bi. Madeje, aliyekuwa Mgogo na Mkristo, hakuwa ndugu yangu kwa lolote ila hilo moja la kuvuja.

Ajali nitaimaliza haraka, maana watu hupenda kuikalia. Pikapu iliyobeba magunia ya mbaazi ilishindwa kona kwenye mteremko, ikalala ubavu, na mimi niliyekaa juu ya magunia nikatupwa kwenye mawe. Mgongo ulipona kiasi cha kunirudishia miguu, ingawa wa kushoto unaburuta hadi leo. Daktari alinieleza yaliyobaki akidhani ananichekesha: "Gari linatembea, ila breki hazishiki." Maana yake ni kwamba mishipa inayoamrisha kibofu iliharibika, na mkojo ukawa unatoka unapotaka wenyewe, bila kubisha hodi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimekwishachaguliwa kwenda chuo Dodoma kusomea kazi za masjala. Siku ya kuruhusiwa, nesi alinipa pampasi chache ndani ya mfuko mweusi akaniambia nikaze moyo. Kwetu kila nepi ya kutupa huitwa pampasi, hata iwe imetoka kiwanda gani. Hakuna aliyeniambia nzuri inatambulikaje na mbaya inatambulikaje. Nilidhani zote ni moja, na kwamba ikivuja, mwenye kosa ni mwili wangu.

Dodoma ya wakati ule haikuwa na haya maghorofa ya serikali. Nkuhungu ilikuwa na viwanja vitupu vingi kuliko nyumba, na upepo wa mchana ulisukuma vumbi jekundu chini ya milango hadi ndani ya sukari. Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika nyumba ya Bi. Madeje, kikitenganishwa na jiko lake kwa ukuta mmoja wa matofali uliokuwa na tundu juu, karibu na bati, lililoachwa kwa ajili ya hewa. Katika tundu hilo nilipata harufu ya kila alichopika na neno la kila aliyekuja kumtembelea. Nilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, godoro nililolivisha nailoni, ndoo yenye mfuniko, na kamba niliyoifunga ndani, kutoka dirishani hadi msumarini, nianikie mashuka nisiyotaka yaonekane uani. Mashuka yanayokauka ndani hayakauki vizuri. Nguo zangu zote zilikuwa na ule ubichi, na juu ya ubichi ule nilijipaka marashi ya bei rahisi, nikatoka nikinuka kama harusi iliyonyeshewa na mvua.

Chakula kilikuwa sehemu ya kodi. Bi. Madeje alisonga ugali wa uwele wa rangi ya kijivu, mzito, akaupakua na mlenda unaoteleza, na siku nyingine maziwa mgando ndani ya kibuyu. Wapangaji tulikula kwenye mkeka barazani. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mjane, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mtaa wa pili, na hakuwa na subira wala maneno ya busara. Alikuwa na maswali. "Wewe Mrangi," alisema siku moja nikinawa, "mbona hunywi maji? Jua la Dodoma hili litakukausha kama nyama." Nikasema sina kiu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiwekea sheria ya kutokunywa kitu tangu alfajiri mpaka nirudi kutoka chuoni. Midomo ilipasuka, kichwa kikaniuma kila mchana, na bado nilivuja, maana mwili ulikuwa na maji yake nisiyojua yanatoka wapi. Leo nikikutana na kijana asiyekunywa maji kwenye joto, namtazama mara mbili.

Pampasi nilizinunua kwenye duka la vifaa vya hospitali karibu na soko. Mwenye duka tulimwita Dokta ingawa hakuwa daktari. Aliuza magongo, mabeseni, glovu, na hizo pampasi za wakubwa zilizokaa rafu ya juu kabisa, nyuma ya kila kitu. Nilisubiri wateja waishe ndipo niingie. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Za mgonjwa?" nikajibu, "Za babu," naye akazifunga kwenye gazeti, gazeti akalitia kwenye mfuko mweusi, mfuko ndani ya mfuko mwingine, utadhani tunauziana bangi. Kwenye pakiti kulikuwa na picha ya wazee wa Kizungu wakicheka kwenye bustani. Sijui walikuwa wakicheka nini. Ndani ya pakiti mlikuwa na pamba nyembamba iliyojikusanya ikawa donge mara tu ilipolowa, ikaiacha sehemu nyingine yote plastiki tupu. Gundi za pembeni zilikuwa zimekauka kwa joto la ghala. Nilizikaza kwa plasta. Lastiki za mapajani zilikuwa za urembo. Na plastiki yenyewe ilipiga kelele: kila hatua chakacha, chakacha, hata nikajifunza kutembea kwa kuburuta viatu ili sauti moja iifunike nyingine. Mapaja yalichubuka. Bado nilidhani kosa ni langu.

Siku ya mkasa tulikuwa darasani, mchana, mwalimu akieleza namna ya kupanga majalada. Nilihisi joto, kisha nikahisi baridi, na baridi maana yake imepita. Nilipoinama kutazama, palikuwa na dimbwi chini ya kiti, linakwenda polepole kuelekea kwenye mkoba wa mwanafunzi wa mbele yangu, kijana wa mjini aliyeitwa Fanuel. Fanuel aliinua mkoba, akatazama sakafu, akanitazama, akasema neno moja tu, lile wanaloimbiwa watoto wanaolowesha kitanda: "Kikojozi." Darasa lilicheka. Sikulia, nilikusanya madaftari yangu kana kwamba kengele imelia. Baadaye mlezi wa wanafunzi aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Swalehe, sisi hatukufukuzi," alisema. "Nenda kapumzike nyumbani. Ukipona kabisa, utarudi." Nikamwambia, "Mwalimu, hii si ya kupona." Akasema, "Usikate tamaa, Mungu yupo," akanifungulia mlango.

Nilirudi chumbani nikalala chali. Alasiri hiyo Bi. Madeje alikuwa jikoni na shoga yake, Mama Tabu, wanachambua mlenda. Nilimsikia Mama Tabu waziwazi kupitia tundu la hewa: "Huyu mpangaji wako wa mwisho ananuka mkojo, mwenzangu. Utakaa naye mpaka lini?" Na nikamsikia Bi. Madeje akijibu, "Ananuka, ndiyo." Kisha upepo ukapiga bati, sufuria ikaanguka, na yaliyofuata yakapotea. Hayo mawili yalinitosha. Asubuhi alinikuta nakunja godoro.

"Unakwenda wapi?"

"Busi, mama. Nashukuru kwa yote."

"Chuo kimefungwa?"

Nikachukua kamba ya kulifungia godoro. Akanitazama, akatazama lile tundu la juu, akaguna. Kisha akaingia, akalikalia lile godoro nililolikunja, na kwa uzito wake nikajua safari imekufa. "Kwa hiyo ulisikia nusu," alisema. "Nikupe nusu nyingine. Nilimwambia: ananuka, ndiyo, na mimi nanuka. Tofauti ni kwamba pua yako imenizoea mimi."

Nilisimama na kamba mkononi. Akanieleza bila kupunguza sauti, mlango u wazi. Watoto saba, wa mwisho alikuja kwa shida, na tangu hapo akikohoa anavuja, akicheka anavuja, akibeba dumu anavuja. Alijifunga vipande vya khanga. Kanisani alikuwa sauti ya kwanza, mstari wa mbele; alipanda noti ya juu Jumapili moja akaisikia inateremka miguuni, na tangu hapo akahamia nyuma kabisa karibu na mlango, akimwambia mwalimu wa kwaya kwamba ana magoti mabovu. "Magoti yangu mazima," akasema, akayapiga kofi. "Haya, nionyeshe hizo zako za dukani. Mimi sijawahi hata kuzishika."

Nilimwonyesha. Aliigeuza pampasi kama anayenunua kitambaa, akaivuta lastiki ikakatika, akaibandua gundi ikabaki kidoleni. Akanyanyuka, akaleta maji kwa kikombe, akamwaga katikati. Maji yalikaa kidogo, yakatafuta njia, yakatokea pembeni mwa paja yakamwagikia miguu yake.

"Sasa hii unavaaje?"

"Ndivyo zilivyo, mama."

"Nani kasema?" Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imemtoka. "Sufuria likivuja si unalirudisha dukani?"

Nirudishe pampasi dukani! Nilicheka, mara ya kwanza tangu nifike Dodoma. Hakucheka. Alikwenda kuvaa khanga zake za kutokea, akachukua jagi la plastiki, akaniambia nibebe pakiti. Nikaizungushia shuka. Akalivua lile shuka akalitupa kitandani.

Kuna kutembea na kutembea. Nimekwenda hija, nimelisindikiza jeneza la mama yangu, lakini sijatembea safari ndefu kama ile ya kutoka Nkuhungu hadi sokoni nikiwa na pakiti ya pampasi mkononi, picha ya wale wazee wa Kizungu ikitazama nje. Watu walisoma. Nilikaza macho kwenye kisigino cha Bi. Madeje mbele yangu. Tulipofika dukani palikuwa na wateja, nami kwa mazoea nikasimama nje nisubiri waishe. Alinivuta kwa mkono.

"Dokta, mali yako hii tunairudisha. Inavuja."

Dokta alitazama pakiti, akawatazama wateja, akashusha sauti kama alivyozoea. "Mama, njoo tuongee huku ndani."

"Tuongee hapa hapa."

"Hizi ni za wagonjwa wa kulala kitandani. Si za mtu anayetembea."

"Mgonjwa wa kitandani yeye kulowa ni halali yake?"

Bi. Madeje akaitandika pampasi juu ya meza ya kioo ya Dokta, akamwaga maji ya jagi. Hayakuchukua muda. Yalipita yakatambaa juu ya kioo, yakaingia kwenye maboksi ya glovu, yakadondoka sakafuni. Watu walianza kusimama mlangoni: wanunuzi, wapagazi wa sokoni, mama wa mboga. Dokta alikuwa anafuta kwa shati lake, amepandisha hasira, na katika hasira akasema ukweli ambao sijausahau: "Mama, mimi nauza hizi siku zote, hakuna aliyewahi kulalamika! Watu wa pampasi hawarudishagi mali!"

Hilo ndilo lililonifungua macho, kuliko mahubiri yoyote. Alijua. Alijua gundi hazishiki, alijua pamba ni nyembamba, na alijua vilevile kwamba sisi tunaozivaa tutavuja kimya kimya, tutalaumu miili yetu, tutarudi tena jioni wakati duka ni tupu na kunong'ona tena. Biashara yake ilisimama juu ya aibu yetu. Angemuuzia mtu taa isiyowaka angepigwa. Angemuuzia mtu kiatu cha kisigino kimoja angepelekwa kwa mjumbe. Sisi angeweza kutuuzia hata karatasi.

Mpagazi mmoja mlangoni akauliza huku anacheka, "Kwani nani kati yenu anavaa?"

Bi. Madeje alinigeukia. Angeweza kusema kwa niaba yangu, na nilitamani aseme. Hakusema.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Ninazivaa mimi. Hata sasa hivi nimevaa. Si za babu, Dokta. Sina babu. Na hapa nilipo nimelowa, na aliyenilowesha ni wewe."

"Na mimi navuja," akadakia Bi. Madeje, kwa ile sauti yake ya mtaa wa pili. "Mama mzima, nimezaa saba, naimba kwaya. Anayetaka kucheka acheke. Ila acheke taratibu, maana akicheka sana na yeye yatamtoka."

Walicheka, wengine hadi wakashika mbavu, na sitasema walitupigia makofi, kwa sababu hawakupiga. Mtu mmoja alitema mate. Lakini mwanamke mmoja mwenye kikapu alijipenyeza akaja karibu na Bi. Madeje, akauliza, "Dada, sasa zinazoshika ni zipi?" Naye akamjibu kwa sauti, "Humu hakuna hata moja." Dokta alitufukuza. Tulipokuwa tumefika mbali na soko, yule yule mpagazi aliyecheka alitukimbilia, amevua kofia, akamuuliza Bi. Madeje kama anaweza kuja kumwona mama yake.

Gharama yake tuliilipa. Nyumba ikaitwa Nyumba ya Pampasi. Nilisikia watu wakielekezana kwa jina hilo. Mume na mke waliopanga chumba cha katikati walihama wakisema wanatafuta karibu na kazini. Mama Tabu alikata mguu kwa muda mrefu. Bi. Madeje alinyamaza siku mbili tatu, akanyamazia hata jiko, ugali ukaungua. Kisha asubuhi moja nikamkuta ananing'iniza kwenye kamba ya mbele, ile inayotazama barabara, vitambaa vyake vyote vya khanga vilivyofuliwa, na mashuka yangu aliyoyatoa chumbani bila kuniuliza. "Jua ni la bure," alisema. "Kwa nini sisi tukaushie gizani?" Tangu siku ile nguo zangu ziliacha kunuka ubichi.

Na watu walikuja. Walikuja mchana, kwa visingizio: kuomba chumvi, kuuliza chumba cha kupanga. Wakimaliza chumvi hukaa kidogo, kisha huuliza. Mwalimu mstaafu mwenye tezi dume. Binti mmoja wa Kizigua aliyekuja kufanya kazi mjini, aliyekuwa na kifafa kilichomlowesha usiku, akawa hathubutu kulala nyumba ya watu. Bi. Madeje aliwasikiliza, akawakatiza, akawapa mlenda. Dokta naye alikuja. Wala hakuja kuomba radhi. Alikuja kibiashara, akiwa na pampasi za aina mbalimbali alizoagiza Dar es Salaam, kwa sababu wateja walianza kumuuliza maswali na kuondoka mikono mitupu. Tulizipanga ukutani, Bi. Madeje akamwaga maji katika kila moja, mimi nikazikalia, nikazikunja, nikazivuta. Tuliipata moja iliyokuwa na unga ndani, ukimwagia maji yanaganda kama mlenda, hayarudi nje. Bi. Madeje alifurahi akaiita ya Kigogo. Kwa siku za kawaida, fundi cherehani wa mtaani alitushonea za kufua, taulo ndani, kitambaa cha koti la mvua nje, vifungo pembeni. Nilianza tena kunywa maji. Nayakumbuka maji yale ya mtungini, nikiwa nimesimama barazani, nikimimina kikombe baada ya kikombe, naye akinitazama akisema, "Kunywa, Mrangi. Kunywa umwage."

Chuoni nilirudi bila kuitwa. Mlezi alishtuka, akaniongoza kwa mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimepona.

"Hapana, mkuu. Nimepata pampasi nzuri."

Alivua miwani. "Kijana, hapa si hospitali."

"Ndiyo, mkuu. Sikuja kutibiwa. Nimekuja kufanya mtihani."

Alimtazama mlezi, mlezi akatazama viatu. Kisha akauliza nitahitaji nini. Nikasema kiti cha karibu na mlango, na ruhusa ya kutoka bila kunyoosha mkono. Akasema hilo halimzidi. Fanuel aliponiona aliitangazia korido nzima, "Kikojozi karudi!" Nikamwambia, "Karudi. Wewe unakaa wapi, nije nikae jirani yako?" Safari hii waliomcheka walikuwa wengi kuliko walionicheka. Hatukuwa marafiki kamwe, na sikuhitaji. Nilifaulu mtihani kwa kiasi cha kutosha, na nimefanya kazi za masjala hadi leo, katika ofisi zaidi ya moja, na katika kila moja niliwaambia wenzangu siku ya kwanza, kabla hawajaambiana wenyewe.

Siku hizi pampasi za wakubwa zinauzwa hata kwenye maduka makubwa, na mifuko ya plastiki myeusi ilipigwa marufuku. Ila muuzaji bado hutafuta gazeti la kuzifungia kabla hajazitia kwenye kikapu, na msichana wa kaunta bado hushusha sauti: "Za mgonjwa, baba?" Nina mvi sasa, wananiamkia wenyewe. Huwaambia, "Za kwangu. Na gazeti acha, nitalisoma." Na bado zipo zinazoingizwa ambazo ni takataka, na bado nazirudisha, nikiwa nimezikata tumbo na jagi mkononi. Wengine hudhani ni ukorofi. Ni ukorofi.

Mwaka ule ule Bi. Madeje alirudi mstari wa mbele wa kwaya, Jumapili moja ya msimu wa mavuno ya zabibu. Alinialika, nikaenda nikasimama nje dirishani, Mwislamu wa watu nimevaa baraghashia, nikamsikia anaipanda ile noti. Haikutetereka. Aliporudi nyumbani alijitupa kwenye mkeka akasema, "Mimi nimerudi kwangu. Wewe kwako utarudi lini?"

Alijua palipobaki. Tangu nifike Dodoma nilikuwa naswali chumbani. Mwanzoni nilikwenda msikitini mara mbili, na mara ya pili mtu mmoja mwenye ndevu nzuri alisema nyuma yangu, kwa mwenzake lakini nisikie, kwamba najisi inatembea. Sikurudi. Baada ya kwaya ile nilimfuata imamu wa mtaa, kijana mwenye umri karibu na wangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndugu yangu, hili lina hukumu yake siku zote, si jipya. Wakati wa swala ukiingia, jisafishe, jikinge vizuri, tawadha, swali. Kitakachotoka baada ya hapo huulizwi. Ila hakikisha kinga yako inashika, zulia la msikiti lisichafuke." Nikamwambia, "Inashika, shehe. Tumeipima."

Ijumaa ile Bi. Madeje alininyooshea kanzu kwa pasi ya mkaa, akaikagua nyuma na mbele kama anayempeleka mtoto shule. Msikiti ulijaa. Niliingia safu ya tatu, mguu wangu unaburuta, na watu wakageuka, kwa maana nyumba yetu ilikuwa na jina. Upande wangu wa kulia alisimama, kwa majaliwa ya Mungu, yule yule mwenye ndevu nzuri. Akanitazama. Akasogea pembeni, akaacha nafasi ya kumtosha mtu kati yetu. Mwili wangu ulitaka kutoka. Miguu ilishaelekea mlangoni. Mbele, imamu akageuka kututazama, akasema kama wanavyosema kila siku, "Nyoosheni safu. Gusaneni mabega. Msiache mapengo."

Nikasogea, bega langu likagusa lake. Akasogea tena, akafika kwa jirani yake, akabanwa. Nikasogea tena.

Imamu akaleta takbiri, mikono yetu ikainuka pamoja.